Kubadilishana viungo vya tovuti: Kampuni za utalii Arusha zifanye nini, ziepuke nini

MGENI anayetaka kupanda Mlima Meru au kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Arusha huianza safari yake akiwa mbali sana na Arusha. Huianza akiwa mbele ya kompyuta au ameshika simu yake huko Berlin, Chicago au Nairobi, akiuliza kwenye intaneti maswali ambayo mwenyeji angemuuliza jirani: nani mwaminifu, nani anaifahamu njia, na nani akishapokea malipo ya awali ataonekana siku ya safari.

Jibu analolipata hutegemea kwa kiasi kikubwa kitu kidogo kiitwacho kiungo, yaani maneno au picha katika tovuti ambayo yakibonyezwa humpeleka msomaji kwenye tovuti nyingine. Kampuni inayotajwa kwa viungo na tovuti zinazoheshimika huonekana kwa urahisi na huaminika mapema. Isiyotajwa na yeyote hubaki gizani, hata kama waongoza watalii wake ni hodari kuliko wengine wote mjini.

Ndiyo maana wenye tovuti za utalii hupokea mara kwa mara barua pepe zenye ombi moja: weka kiungo chetu kwenye tovuti yako, nasi tutaweka chako kwenye yetu. Ombi hilo linaweza kutoka kwa hoteli ya jirani iliyoko Usa River, na linaweza pia kutoka kwa mtu asiyejulikana ambaye kazi yake ni kukusanya viungo na kuviuza. Maneno ya barua hizo hufanana, lakini matokeo yake hayafanani.

Kwa kampuni kubwa, kosa katika jambo hili ni hasara ya kurekebishwa. Kwa kampuni ndogo yenye magari mawili, au kikundi cha wanakijiji kinachotegemea wageni wachache kwa mwezi, kosa hilo linaweza kumaanisha msimu mzima bila mgeni, au mgeni aliyetapeliwa akiwa ametumwa na tovuti yao wenyewe.

Kiungo ni barua ya utambulisho

Thamani ya viungo iliongezeka sana mwaka 1998, pale Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walipoanzisha Google. Injini yao ya utafutaji ilitumia mbinu iliyoitwa PageRank. Badala ya kutazama maneno yaliyomo katika ukurasa peke yake, mbinu hiyo ilitazama pia kurasa nyingine zinazouelekezea viungo ukurasa huo.

Kila kiungo kilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba ukurasa unaoelekezewa una jambo la maana. Hata hivyo, ushahidi wote haukuwa na uzito sawa. Kiungo kutoka kwenye ukurasa ambao wenyewe umetajwa na wengi kilihesabiwa zaidi kuliko kiungo kutoka kwenye ukurasa usiojulikana. Aidha, ukurasa wenye viungo vingi uligawa uzito wake kwa vyote, hivyo kila kimoja kikapata kidogo.

Jambo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kwenda ofisini na barua ya utambulisho. Barua ya mtendaji wa kijiji huheshimiwa kwa sababu mtendaji haandiki barua kwa kila apitaye barabarani. Siku atakapoanza kumgongea muhuri mtu yeyote anayemgongea muhuri yeye, muhuri wake utapoteza maana, na hata wale aliowaandikia kwa haki wataanza kutiliwa shaka.

Kubadilishana viungo kuna faida na hatari hiyo hiyo. Mwenye tovuti anayeweka kiungo anamdhamini mwenzake mbele ya watu wawili: msomaji atakayekibonyeza, na injini ya utafutaji itakayokihesabu.

Jinsi biashara ya viungo ilivyokua na kubanwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti nyingi za utalii duniani zilikuwa na ukurasa maalumu wa viungo. Ukurasa huo ulikuwa orodha ndefu ya hoteli, mashirika ya ndege na kampuni za safari, na mara nyingi pia tovuti zisizohusiana na utalii kabisa. Aliyetaka kuingizwa katika orodha alitakiwa kwanza kuweka kiungo cha kurudishia.

Hapa nchini gharama za intaneti zilikuwa kubwa wakati huo, kwani kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009 mawasiliano na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti. Kwa kampuni isiyo na uwezo wa kutangaza kwenye magazeti ya Ulaya, kubadilishana viungo kulikuwa tangazo lisilo na gharama.

Wajanja hawakuchelewa kuingilia. Zilizuka programu zilizotengeneza kurasa za viungo kwa maelfu, na tovuti ambazo hazikuwa na jambo lolote isipokuwa viungo. Injini za utafutaji nazo zikaanza kujibu.

Mwezi Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilitangaza alama ya nofollow, ambayo mwenye tovuti huiweka kwenye kiungo kuonyesha kwamba hakidhamini. Mwishoni mwa mwaka huo, mabadiliko ya Google ambayo wataalamu waliyapa jina la Jagger yalipunguza thamani ya viungo vya nipe nikupe.

Mwezi Februari 2011, gazeti la The New York Times liliripoti kwamba maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana vilikuwa vimeipandisha juu kampuni ya maduka ya J.C. Penney ya Marekani katika majibu ya Google. Kampuni hiyo ilikana kuidhinisha viungo hivyo na ikaachana na wataalamu iliokuwa imewaajiri kwa kazi hiyo. Lakini Google ilikuwa imekwisha kuiadhibu, na kurasa zake zikaporomoka katika utafutaji.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua mfumo wa Penguin, uliolenga tovuti zilizojikusanyia viungo kwa hila. Mwezi Septemba 2016 mfumo huo uliingizwa katika utaratibu wa kawaida wa Google, na tangu hapo viungo vibovu zaidi hupuuzwa kuliko kuiangusha tovuti nzima. Mwezi Desemba 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mfumo wake wa SpamBrain unatumika kutambua na kubatilisha viungo vya ulaghai, zikiwemo tovuti zinazonunua viungo na zile zinazotumika kuviuza.

Matokeo ya historia hiyo ni kwamba kiungo cha hila leo hakina faida, na katika hali mbaya kina adhabu. Kiungo cha kweli bado kina faida zake zote.

Kinachokatazwa na kisichokatazwa

Wapo wenye tovuti ambao, baada ya kusikia habari za adhabu, waliondoa viungo vyote na kukataa kila ombi. Huko ni kuvuka mpaka upande wa pili.

Miongozo ya Google haikatazi tovuti mbili kutajana. Inakataza kubadilishana viungo kupita kiasi, pamoja na kurasa za washirika zilizotengenezwa kwa ajili ya kuelekezana viungo tu. Inakataza pia kununua au kuuza viungo kwa lengo la kupanda katika majibu ya utafutaji. Malipo si lazima yawe fedha taslimu. Hata safari ya bure au bidhaa inayotolewa ili kupata kiungo huhesabiwa.

Tangazo lililolipiwa linaruhusiwa, mradi kiungo chake kiwekewe alama ya sponsored, iliyoanzishwa mwezi Septemba 2019, au ile ya nofollow. Alama hizo huiambia injini ya utafutaji kwamba kiungo hicho ni biashara na si ushahidi. Msomaji bado anaweza kukibonyeza na kufika.

Baadhi ya wafanyabiashara wa viungo hupendekeza mbinu ya pembetatu: tovuti ya kwanza imtaje wa pili, wa pili amtaje wa tatu, na wa tatu amrudishie wa kwanza, ili ionekane kwamba hakuna aliyebadilishana na mwenzake. Mbinu hiyo haibadilishi kitu. Nia ni ile ile, na mtandao wa tovuti zinazozungukana namna hiyo hutambulika na mashine kwa urahisi.

Kipimo kilicho rahisi kukumbuka ni swali moja: kama injini za utafutaji zisingekuwapo kabisa, je, kiungo hiki kingewekwa? Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa sababu kinamsaidia msomaji, kubadilishana huko ni salama. Ikiwa jibu ni hapana, ni afadhali kuacha.

Mifano inayozunguka Mlima Meru

Eneo la Arusha lina bahati ya kuwa na washirika wa asili walio karibu karibu. Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566 ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Wapandaji huanzia lango la Momella, hulala katika vibanda vya Miriakamba na Saddle, na huambatana na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati na wanyama wengine. Safari nzima huchukua siku tatu au nne.

Mgeni wa safari hiyo anahitaji mahali pa kulala kabla na baada ya mlima. Huenda akataka siku moja ya kupumzika kijijini. Anahitaji pia kufahamu viingilio na kanuni za hifadhi. Kwa hiyo kampuni inayopandisha wageni Meru ina sababu ya kweli ya kuitaja nyumba ya wageni iliyoko Usa River, na nyumba hiyo ina sababu ya kweli ya kuitaja kampuni.

Vijiji navyo vina nafasi yake. Utalii wa kitamaduni ulianzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV na ushirikiano wa Bodi ya Utalii Tanzania. Miongoni mwa maeneo yaliyojiunga ni Ng'iresi, kwenye miteremko ya Meru wanakoishi Waarusha; Mulala na Tengeru, kwa Wameru wenye migomba na kahawa; Mkuru, upande mkavu wa kaskazini, ambako wageni husafiri kwa ngamia; na Longido, kwenye barabara iendayo Namanga.

Kampuni ya mjini inayowapeleka wageni Ng'iresi hunufaika ikiwa na kiungo cha tovuti ya wenyeji, kwa kuwa mgeni huona kwamba ziara hiyo ni ya kweli na ina wenyewe. Wenyeji nao hunufaika wakiitaja kampuni inayolipa kwa wakati. Kinyume chake, kampuni inayouza matembezi ya kijiji bila kuonyesha ni ya nani huwanyima wanakijiji jina lao, na humnyima mgeni njia ya kuhakikisha anachonunua.

Si kila kiungo kinahitaji kurudishiwa. Kiungo kinachompeleka mgeni kwenye tovuti ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), ambalo makao yake makuu yako Arusha, hakitajibiwa kwa kiungo kingine. Hata hivyo, mgeni anayesomewa viingilio kutoka chanzo chenyewe huwa na imani zaidi na aliyemwelekeza huko.

Viko pia viungo ambavyo havipatikani kwa kubadilishana. Mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaofahamika kwa kifupi KPAP na ulioanza mwaka 2003 mjini Moshi, huorodhesha kampuni washirika ambazo zimekubali wapagazi wao wafuatiliwe kuhusu malipo, chakula na mahali pa kulala mlimani. Kampuni haiingii katika orodha hiyo kwa kutoa kiungo. Huingia kwa kuwatendea wapagazi vizuri, na ndiyo sababu mgeni anayejali huitafuta orodha hiyo.

Kumchunguza anayeomba

Kabla ya kujibu barua pepe yenye ombi la kiungo, yapo mambo saba ya kukagua. Kazi hiyo haizidi nusu saa na haihitaji fundi.

Kwanza, kama ni kampuni ya utalii ya hapa nchini, ihakikishwe kwamba ipo na ina leseni, kama Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inavyotaka. Kwa wanaojitambulisha kuwa wanachama wa Chama cha Mawakala wa Utalii Tanzania (TATO), kilichoanzishwa mwaka 1983, uanachama ukaguliwe katika orodha ya chama chenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya mwombaji si ushahidi, kwa sababu picha yoyote inaweza kunakiliwa.

Pili, ichunguzwe domeni, yaani jina la tovuti. Huduma ya whois huonyesha tarehe jina hilo liliposajiliwa. Kampuni inayodai uzoefu wa miaka 20 huku domeni yake ikiwa na wiki tatu ina maelezo ya kutoa. Jina lenye kikomo cha .co.tz linaonyesha usajili wa Tanzania, lakini peke yake halithibitishi uaminifu.

Tatu, jina la tovuti litafutwe katika Google likitanguliwa na neno site na nukta mbili. Ikiwa hakuna ukurasa hata mmoja unaotokea, huenda tovuti ni changa mno, imefungwa kwa injini za utafutaji, au imeadhibiwa.

Nne, utazamwe ukurasa ambao kiungo kitawekwa. Msomaji anaweza kuufikia kutoka ukurasa wa mwanzo, au umefichwa mahali asipopita mtu? Una viungo vitano vyenye maelezo, au mia tatu vilivyorundikwa? Ukurasa wa namna ya pili hausomwi na mtu, na injini haziuthamini.

Tano, watazamwe majirani. Tovuti inayotaja hoteli za Arusha kando ya michezo ya kamari, dawa za kupunguza uzito na mikopo ya haraka inauza nafasi kwa yeyote mwenye fedha. Kuwekwa hapo ni kuketi katika kundi hilo.

Sita, ukaguliwe usalama. Anuani ianze na https, na huduma ya Safe Browsing ya Google itumike kuona kama tovuti imeripotiwa kueneza programu hasidi au kuwalaghai watu.

Saba, lisomwe ombi lenyewe. Anayetaka kubadilishana kwa kweli hutaja ukurasa alioupenda na kueleza kwa nini wasomaji wake wangeuhitaji. Barua isiyotaja jina la kampuni, inayosifu tovuti bila kugusa kilichoandikwa humo, kwa kawaida imetumwa kwa maelfu ya watu.

Yapo maombi yasiyopaswa kukubaliwa kwa hali yoyote. Mshirika wa viungo hahitaji neno la siri la tovuti, wala ruhusa ya kuingia kwenye seva ili aweke kiungo mwenyewe. Kadhalika, yasipokelewe maandishi ya programu yaliyotayarishwa tayari kubandikwa, kwa sababu ndani yake panaweza kufichwa amri za kuwahamisha wageni au kunakili taarifa zao. Kinachohitajika ni anuani ya ukurasa tu. Kiungo chenyewe mwenye tovuti akitengeneze kwa mkono wake.

Makubaliano yawe ya maandishi

Wakikubaliana, pande mbili ziandikiane hata kwa barua pepe fupi. Itajwe kurasa zipi zitahusika, kiungo kitawekwa wapi, na kwamba kila upande una haki ya kukiondoa wakati wowote ukiona mabadiliko usiyoyapenda. Bila makubaliano hayo, kuondoa kiungo hugeuka ugomvi kati ya majirani.

Mahali pazuri pa kiungo ni ndani ya habari inayohusika. Katika ukurasa unaoeleza siku ya nne ya safari ya Meru, sentensi inayosema kwamba mgeni anaweza kupumzika Tengeru na kuona kahawa inavyokaangwa ndipo mahali pa kiungo cha wenyeji wa Tengeru. Kiungo kinachorudiwa chini ya kila ukurasa wa tovuti hakiongezi kitu, na wingi wake huweza kuleta shaka.

Maneno ya kiungo nayo yawe ya kawaida. Jina la kampuni au la ziara linatosha. Kiungo kilichosheheni maneno kama safari nafuu, Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar kwa pamoja humchosha msomaji na huonyesha dhahiri kwamba kimeandikwa kwa ajili ya mashine.

Jambo moja halipaswi kuingizwa katika makubaliano: orodha ya wageni. Wapo washirika wanaopendekeza kubadilishana pia anuani za barua pepe za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya ukusanyaji na utoaji wa taarifa za watu. Mgeni aliyetoa anuani yake ili apate bei ya safari hakutoa ruhusa ya kuuzwa kwa wengine.

Baada ya kiungo kuwekwa

Hatari nyingi hutokea baada ya makubaliano, pale ambapo hakuna anayetazama. Tovuti iliyokuwa njema mwaka jana inaweza kubadilika kabisa mwaka huu.

Hali ya kawaida ni ya domeni kuisha muda. Kampuni ikifungwa au ikisahau kulipa ada ya mwaka, jina lake hurudi sokoni, na wapo watu wanaonunua majina ya namna hiyo kwa sababu tu yana viungo vya zamani. Kiungo kilichokuwa kikimpeleka mgeni kwenye nyumba ya wageni humpeleka ghafla kwenye kamari. Mwezi Machi 2024 Google iliiingiza tabia hiyo ya kutumia vibaya domeni zilizokwisha muda miongoni mwa makosa yanayoadhibiwa, lakini aliyeacha kiungo hicho kwenye tovuti yake bado anamtuma mgeni wake huko.

Hali iliyo mbaya zaidi ni tapeli kununua jina la kampuni ya utalii iliyokufa, kunakili picha zake, na kuendelea kupokea malipo ya awali. Mgeni aliyefika huko kupitia kiungo cha kampuni nyingine ya Arusha ataikumbuka kampuni hiyo kwanza. Ulaghai wa namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ila sheria hufika baada ya fedha kuondoka.

Hivyo basi, kila baada ya miezi mitatu inafaa kuvibonyeza viungo vyote kimoja kimoja. Visivyofunguka viondolewe. Vinavyofungua kitu kingine viondolewe siku hiyo hiyo na mshirika aarifiwe kwa simu, kwani huenda tovuti yake imevamiwa naye hajui.

Huduma ya bure ya Google Search Console humwonyesha mwenye tovuti ni nani wanaoielekezea viungo. Tovuti yoyote hupata viungo vya ajabu ambavyo haikuviomba, na hakuna sababu ya hofu, kwa sababu vingi hupuuzwa. Chombo cha kuvikana viungo, kilichotolewa mwezi Oktoba 2012, kinafaa pale tu tovuti inapokuwa na viungo vingi vilivyonunuliwa au kubadilishwa kwa hila, na adhabu imekwisha kutolewa au inakaribia. Katika hali hiyo, hatua ya kwanza ni kuviondoa vinavyoondoleka, kisha kuomba upya kufikiriwa na kueleza kwa ukweli kilichofanyika.

Kupima faida

Wengi hupima mafanikio kwa idadi ya viungo. Kipimo hicho kinadanganya. Programu za takwimu za tovuti huonyesha kila mgeni ametokea wapi, na hapo ndipo ukweli ulipo.

Ikiwa kiungo kimoja kimeleta wasomaji 400 kwa mwezi na hakuna aliyeuliza bei, na kingine kimeleta 12 ambao watatu kati yao waliandika kuulizia safari, kile cha pili kina thamani kubwa zaidi. Kuongeza swali moja katika fomu ya maombi, la kumwuliza mgeni alivyoifahamu kampuni, hukamilisha picha ambayo takwimu pekee haziwezi kuitoa.

Vipimo hivyo vinaweza pia kuwapa nguvu walio wadogo. Kikundi cha kijiji kinachoweza kuonyesha kwamba tovuti yake imeipelekea kampuni ya mjini wageni kadhaa kwa msimu kina hoja ya kutajwa kwa jina, na kina hoja katika mazungumzo ya malipo.

Hatimaye, kiungo kilicho salama kuliko vyote ni kile kinachotolewa na mtu ambaye hakuombwa. Ukurasa unaoeleza kwa usahihi vifaa vya kubeba Meru, miezi ya mvua, usafiri kutoka mjini hadi Momella na adabu za kutembelea boma hutajwa na wengine kwa sababu unawapunguzia kazi ya kueleza. Kuuandika huchukua siku kadhaa, na maarifa yake yamo tayari vichwani mwa waongoza watalii wanaopanda mlima huo kila wiki.

Kwa mwenye tovuti aliye na barua pepe ya maombi mbele yake, utaratibu ni mfupi: amchunguze mwombaji, atazame ukurasa na majirani zake, aandikiane naye, kisha akumbuke kurudi kukagua. Na kama asingethubutu kumpandisha mgeni wake gari la mwombaji huyo, asimpe kiungo.